Sakafu ya Harusi Yangu Juu ya Kiwanja Chako

Baraka, saa tisa alasiri

Asende, mwanangu,

Umeenda Nundu kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla ya giza. Nimefunga meza yangu ya vitenge sokoni mapema, nimekaa na kalamu.

Mambo ya shuka, dawa ya malaria na kuficha pesa ndani ya soksi sitayaandika. Umekuwa mtu mzima, na yaliyobaki mume wangu, Papa Mmunga, amekwisha kukuambia huku umemgeuzia mgongo. Ninaandika kwa sababu kiwanja chako kiko hatarini, na aliyekitia hatarini ni mimi. Kesho saa sita boti inakupeleka Kalemie, na kutoka huko utaendelea hadi Lubumbashi kwenye masomo yako. Kesho hiyo hiyo, biro ya kodi, ile ofisi ya serikali, ikifungwa, muda wa kulalamika utakuwa umekwisha. Ukiondoka bila kujua, kwenye vitabu vyao kiwanja kitakuwa si chako, na kitakuwa kimebebeshwa kodi ambayo sisi hatuwezi kuilipa.

Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie. Ninakuomba hilo tu.

Unajua kiwanja kilipatikanaje. Marehemu baba yako alikinunua kando ya barabara ya kupanda Fizi, ukiwa darasa la pili, na akataka karatasi iandikwe jina lako wewe, si lake wala langu. Watu walimcheka: mtoto asiye na meno ya mbele amekuwa mwenye kiwanja! Yeye akasema, "Meno itaota." Alipokufa hakuwa amepanga hata tofali moja. Tangu hapo, kila mwaka nilikata majani, nikaenda biro, nikalipa kodi ya kiwanja kitupu, ambayo ni ndogo, nikatia risiti kwenye mfuko wa plastiki. Miaka yote hiyo sikukosea hata mara moja. Nilikosea nilipopata furaha.

Najua hupendi nikianza kumsifu Mmunga, lakini leo lazima nimtaje, na sijui kumtaja bila moyo wangu kuruka. Nilikuwa mjane miaka tisa, Asende. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuniuliza kama nimekula. Halafu masoni mmoja mrefu, fundi wa kujenga, akaja kutengeneza ngazi za kanisa, mikono imepauka kwa sima ya saruji, akasimama mbele ya meza yangu kuchagua kitenge kwa saa nzima, na mwisho hakununua. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu nikamwambia, "Papa, hii kitenge unaiangaliaka itaisha rangi." Akasema, "Mi siangaliake kitenge." Ah! Mpaka leo nikiandika maneno hayo masikio yananichoma. Nilicheka kama msichana wa darasa la sita, na tangu siku ile sikuacha kucheka, na mtu anayecheka mchana kutwa hasomi karatasi anazopewa.

Harusi ilipofika, wageni walikuwa wengi. Ndugu zake walitoka Lubondja, wengine walitembea kutoka Kilembwe. Ukumbi wa kanisa ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyesema, si yeye: "Tufanye kwenye kiwanja." Alipouliza kiwanja cha nani, nikamjibu, "Iko yetu. Marehemu alituachia." Nilisema hivyo huku ninamwekea chakula, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Ilikuwa majira ya mvua. Kiwanja kilikuwa tope tupu. Akasema viatu vyangu vyeupe havitakanyaga tope akiwa hai. Akamwaga sakafu siku tatu, mvua inapiga, yeye na wenzake wamefunika sima kwa maturubai, akachonga nguzo sita za kushika turubai na jukwaa dogo la matofali la kuketi maharusi. Wewe ulikuja siku ya pili ukasimama ng'ambo ya barabara. Nilikukimbilia nikiwa na furaha zangu. Ukaniuliza sababu, "Mama, juu ya nini pale?" Nikakujibu neno lile lile, nikikuita papa kama ulipokuwa mdogo: "Iko yetu sisi bote, papa." Ulinitazama, ukaondoka. Nilijua umesikia nini. Niliona uso wako, nikarudi kwenye sima.

Siku ya harusi ulicheza wimbo mmoja. Unakumbuka yule shangazi wa Lubondja aliyekuwa akipiga kelele, "Bibi arusi wa miaka makumi ine, cheza polepole, mugongo!" Watu wote walianguka kwa kicheko, nikakutafuta kwa macho ili tucheke pamoja, na kiti chako kilikuwa kitupu.

Baada ya harusi sakafu ilibaki, nzuri, laini, na Baraka nzima ilikuwa imeiona. Waimbaji wa korali wakaiomba. Kisha watu wa ubatizo. Kisha harusi nyingine, na nyingine. Sikumkatalia mtu. Nilitaka kila mwanamke acheze pale nilipocheza mimi. Sikudai kitu. Waliniachia kreti ya soda za sukre, au kuku, nami nilishukuru.

Basi siku moja nilikuwa ninaifagia sakafu, ninaimba, akaja ajenti wa biro ya kodi, mtu wa makamo mwenye faili chini ya kwapa. Walikuwa wanapita kuhesabu viwanja upya.

"Bonjour mama. Hii parcelle iko ya nani?" akauliza, akikizungushia kiwanja kidole.

"Iko yetu, chef. Karibu! Usikanyage pale, nimetoka kufagia."

Akacheka, akavua kofia. "Sima nzuri. Nani alifanya hii kazi?"

"Bwana yangu! Siku tatu, mvua inanyesha, juu mi nisichafuke viatu. We uliona wapi bwana wa vile?"

"Sijaona, mama. Bibi yangu akisikia, mi nitalala inje." Akaandika. "Na batu ingine banafanyaka fête hapa, sherehe?"

"Ee, kila posho, kila wiki! Kila muntu anataka kuolewa hapa."

"Banalipaka?"

"Balipe nini! Kreti moya ya sukre, kuku, basi."

"Kreti na kuku," akarudia polepole, akiandika.

Nikamwonyesha picha za harusi kwenye simu. Picha zote, Asende. Alizitazama kwa adabu, akanipa kalamu na karatasi, akaonyesha mahali pa mwenye kiwanja. Hakuomba karatasi ya umiliki, nami sikumtajia kwamba ipo nyumbani, ina jina lako. Niliandika "Madame Mmunga." Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sahihi hiyo nyuma ya daftari langu la vitenge, na ile M ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu, mzuri. Ilikuwa mara ya kwanza kuiandika mbele ya mtu wa serikali. Niliipenda kuliko nilivyoupenda ukweli.

Hapo ndipo ningeweza kukudanganya. Ningeweza kuandika kwamba sikuelewa, kwamba nilikuwa nimelewa mapenzi. Lakini nilisoma miaka sita ya sekondari, najua maana ya "mwenye kiwanja." Kulikuwa na sekunde moja, kalamu iko juu ya karatasi, nikaona nyumba. Baraza yenye maua, dirisha linaloangalia ziwa, Mmunga ameketi anavua viatu vya kazi. Niliiona nyumba yetu juu ya ardhi yako, nikaitaka, nikaandika. Nimeishi na sekunde hiyo wiki nyingi sasa, na kila nikijaribu kuiita jina lingine inakataa.

Karatasi ya kodi ilikuja baadaye. Si kiwanja kitupu tena: ni mahali pa sherehe, pa biashara. Mwenyewe: Madame Mmunga. Kodi imepanda mara nyingi kuliko ile tuliyozoea, na chini wameandika kwamba asiyekubali alalamike kwa maandishi ndani ya muda waliotoa, na asiyelalamika wala kulipa, kiwanja kinaweza kukamatwa. Niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaiingiza katikati ya vitenge vya chini kabisa, vile visivyonunuliwa. Nikakaa nayo. Wewe ulipita mezani ukaniuliza kama nina homa. Nikasema ni jua tu.

Nilimficha na Mmunga pia. Mpaka jioni moja alihamisha vitenge ili atengeneze meza, karatasi ikaanguka miguuni pake. Alisoma mara mbili. Yeye husoma taratibu, kwa kidole. Kisha akaniuliza bila kupandisha sauti:

"Mama Asende, hii parcelle iko ya nani?"

Nilitaka kusema "yetu." Neno lilifika kwenye meno. "Iko ya Asende," nikasema. "Karatasi iko na jina yake."

Akaketi chini, mtu mrefu namna ile. "Na mi nilimwaga sima juu ya kitu ya mutoto, na we unaniangalia?"

"Nilikuwa na furaha."

"Ndiyo maana mutoto haniitikiaka vizuri. Mi nilizania ananichukia bure." Ungeuona uso wake, papa. Si hasira. Ilikuwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu, yeye ndiye aliyeivaa. Kwa miezi yote amekuwa akikuwekea kipande kikubwa cha samaki, wewe unasema, "Mwambieni masoni nimeshiba," na mimi katikati ninacheka ili ionekane ni utani, huku ninajua kwa nini umeshiba.

Kesho yake alfajiri alichukua nyundo kubwa akaenda kuvunja sakafu. Nilimfuata mbio na kandambili, nikamshika mkono, nikalia mbele ya wachuuzi wa mihogo. Nilimwambia hiyo ni harusi yangu, asiipasue. Akanijibu, "Sima nitamwaga ingine mahali ingine. Parcelle ya mutoto sijui kuimwaga." Lakini aliiteremsha nyundo. Akasema hata kuvunja si haki yake. Alikwisha kujenga bila ruhusa ya mwenyewe, hatavunja bila ruhusa yake. "Umwambie," akasema. "Mi sitamwambia. Umwambie we."

Nikasema ndiyo. Sikukuambia.

Badala yake nilikwenda biro peke yangu, nikitumaini kulimaliza kimya kimya, usijue kamwe. Nilimkuta yule ajenti wa faili. Alinihurumia, nadhani. Akaniambia jambo hili ni jepesi: wao huangalia hali ya kiwanja mwanzo wa mwaka, na sakafu ilimwagwa baadaye, nikileta risiti ya mwaka uliopita na barua ya chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, kwamba palikuwa majani tu, kodi itarudi ile ya zamani. "Na jina?" nikauliza.

"Jina tuache vile. We iko mama yake, ama? Ukigusa jina utajiletea maneno."

Mwanangu, nilitoka pale na njia mbele yangu ikiwa nyeupe. Kodi ingeshuka. Wewe ungekwenda Lubumbashi bila kujua. Kiwanja kingebaki na jina langu, taratibu, mwaka baada ya mwaka, risiti juu ya risiti, mpaka siku ungerudi na kukuta nyumba yenye baraza na maua, nami ningekuambia, "Iko yetu sisi bote." Na hakuna mtu angeniita mwizi. Nilitembea na wazo hilo tangu biro mpaka sokoni, na sitakuficha: halikuwa chungu. Lilikuwa tamu. Hilo ndilo lililonitisha mpaka nikaomba kiti kwa mama wa dagaa.

Nilikuwa nimezoea kujiogopa nikiwa na huzuni. Nilipokuwa mjane nililinda kila kitu chako kama jicho, kwa sababu nilijua huzuni inaweza kumfanya mtu auze hata sufuria. Furaha sikuilinda. Nilidhani mtu anayependwa hawezi kumdhulumu mtu. Sikujua kwamba nikipendwa ningetaka dunia nzima iingie ndani ya mapenzi yangu, na kama haiingii yenyewe, niivute, hata kiwanja cha mtoto wangu. Wewe nawe utapenda, Asende, natamani upende kama mimi, mpaka masikio yakuchome. Siku hiyo itakapokuja, usinikumbuke kwa harusi. Nikumbuke nikiwa na kalamu juu ya karatasi.

Juzi nikarudi biro pamoja na Mmunga. Mkubwa wa biro ni mama mwenye miwani, hacheki ovyo. Nilimpa barua ya chefu wa avenue, risiti, na karatasi ya umiliki yenye jina lako. Alisoma zote.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ulijua parcelle iko ya mutoto?"

Mmunga alikuwa ametazama chini. "Nilijua," nikasema.

Akavua miwani. "Huyu mutoto iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi si mutoto. Mbona unamubeba mugongoni?" Ajenti wa faili akacheka kidogo, akaacha alipotazamwa. "Mama, sikiliza. We huna haki ya kulalamika hapa. Unalalamikia kitu ya muntu. Mwenyewe akuje na kadi yake ya uchaguzi, asaini mwenyewe, aseme kodi iko ya kosa na jina iko ya kosa. Asipokuja mbele ya siku kuisha, tutafuata hii." Akagonga karatasi yenye M ya mkia mrefu.

Nilimwambia unasafiri. Akauliza boti saa ngapi. Nikasema saa sita. "Sisi tunafungua saa mbili," akasema, akaita mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana nilikuwa na siku nzima ya kukuambia. Ulikuwa unafunga sanduku, unapiga mluzi, na nikakuletea chai mara nne. Mara nne niliweka kikombe, nikafungua mdomo, nikasema, "Ni ya moto." Mara ya mwisho ukacheka, ukaniambia, "Mama, nimeiona, iko moto." Ni siku nyingi sijakusikia ukicheka ndani ya nyumba hii. Nikashindwa. Leo umeondoka kwenda Nundu, na sasa ninaandika kile nilichoshindwa kukisema nikiwa na kikombe mkononi.

Barua hii nitakupa mkononi ukifika, kabla ya kula. Sitaiweka sandukuni mwako uikute Kalemie. Niliwaza hivyo, nikaona ni njia nyingine ya kukimbia.

Mambo ya sakafu ni yako. Ukisema ivunjwe, Mmunga atavunja kesho boti ikiwa bado inapakia, nami sitashika mkono wa mtu. Ukisema ibaki, mkubwa wa biro anataka ijulikane kwamba ni kwa ruhusa yako, na kwamba sherehe za watu zimekoma. Ukitaka kwenda biro bila mimi, nenda bila mimi. Mmunga amesema atakusindikiza ukimkubali, na usipomkubali atakaa sokoni kwenye meza yangu mpaka uondoke. Anakupenda, lakini hilo si la kulipwa kwa ardhi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisema, si mimi.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya malalamiko. Wanataka mwenye kiwanja aeleze kwa maneno yake nani alitia sahihi bila haki, na alifanya hivyo akijua au bila kujua. Nimekaa mbele ya mistari hiyo tangu saa saba. Nikakuona kesho kwenye biro, watu nyuma yako kwenye foleni, umeinama unaandika ubaya wa mama yako, saa chache tu kabla ya kuniaga. Sikuweza. Kwa hiyo sehemu hiyo nimeiandika mimi. Nimeandika jina langu lote, nimeandika kwamba nilijua, na chini yake nimetia dole gumba ili wasiseme ni mwandiko wa mtu mwingine. Wewe hutaandika neno hata moja juu yangu.

Umebaki mstari mmoja mtupu, wa mwisho, wa sahihi ya mwenye kiwanja. Huo sikuugusa.

Ninasikia pikipiki inateremka. Labda ni wewe.

Mama yako anayekupenda